Kiini Kilichoishia Mountain View

Vijana wangu, katika miaka yote niliyofundisha kompyuta pale mjini, hakuna sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko hii: "Madam, nimenakili kila kitu vile kilivyo, na bado imekataa." Niliisikia kwa wavivu, nikaisikia kwa wenye bidii, na wote waliisema kwa sauti ileile ya mtu aliyefuata maelekezo ya njia hatua kwa hatua mpaka akajikuta uso kwa uso na ukuta.

Mimi ni Mwalimu Nafula. Nimestaafu, naishi Uthiru. Chuo nilichofundisha kilikuwa kwenye orofa za juu za jengo moja katikati ya jiji, juu ya maduka ya simu, na lifti yake ilifanya kazi siku ilipojisikia. Somo langu lilikuwa lile ambalo wanafunzi walilikimbia kama wangeweza: kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta.

Kiini ni ile programu iliyo chini ya programu nyingine zote. Ukiwasha kompyuta, kabla hujaona picha wala saa kwenye skrini, kuna programu inayoamka kwanza, ikashika kumbukumbu, ikashika skrini na kibodi, ndipo nyingine ziruhusiwe kuingia. Ukiandika programu ya kawaida, kiini kinakubeba. Ukiandika kiini, hakuna wa kukubeba. Ukikosea, hupati hata ujumbe wa kukuambia umekosea, kwa sababu anayepaswa kuandika njia ya kuonyesha huo ujumbe ni wewe, na bado hujaiandika. Skrini inabaki nyeusi. Au mashine inazima na kujiwasha, inazima na kujiwasha, mpaka uichomoe kwa hasira.

"Sasa faida yake ni gani?" watu waliniuliza, hata kanisani. "Nani hapa Nairobi anaandika kiini?" Karibu hakuna. Lakini mtu aliyewahi kuwasha kompyuta kwa maneno yake mwenyewe, hata kama kitu pekee inachofanya ni kusema "Hujambo", haiogopi tena mashine yoyote. Hiyo ndiyo faida, na sikuwahi kutafuta nyingine.

Aliyenifundisha kutafuta makosa hakuwahi kuandika kiini maishani mwake. Aliitwa Mzee Gitau. Alikuwa mkubwa wetu katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja mjini, nikiwa msichana aliyetoka Bungoma juzi na viatu vya kuazima. Tulikuwa na programu ya kuchapa majina ya wateja kwenye bahasha. Siku moja ikaanza kukwama katikati ya kazi. Kila mtu akawa na maoni. Mmoja alisema ni joto. Mwingine akasema ni mashine mpya, tungebaki na ile ya zamani. Mwingine akasema ni stima, maana umeme husingiziwa kila kitu.

Mzee Gitau alimaliza chai yake kwanza. Kisha akaniuliza, "Imefika wapi?"

"Imekwama, Mzee."

"Hiyo umeshaniambia. Nauliza imefika wapi."

Nilikwenda kutazama bahasha ya mwisho. Ilikuwa ya mtu anayeitwa Kandie. Mzee akasema, "Na anayefuata ni nani?" Anayefuata alikuwa Kang'ethe. Basi. Ile alama ndogo iliyo katikati ya jina, ambayo kila mtoto wa Kenya anajua kuiandika, programu iliyotoka ng'ambo ilidhani ndiyo mwisho wa jina, na ikachanganyikiwa. Haikuwa joto, haikuwa stima. Wateja wenye majina kama hayo walikuwa tele, na wote wangekosa barua zao kama tungeendelea kubishana kuhusu hali ya hewa.

Basi nami nikawafundisha wanafunzi wangu hivyo. Usianze kwa kuuliza mashine inaugua nini, maana hapo kila mtu huwa daktari. Uliza kwanza imefika wapi. Katika kiini, unafanya hivi: mwanzoni kabisa unaiambia iandike herufi A kwenye kona ya skrini. Baada ya hatua inayofuata, B. Kisha C. Ukiiona A na B na huioni C, unajua pa kuchimba. Kuandika herufi moja, moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini ni amri moja tu, na hata kiini kilichovurugika huiweza.

Sasa niwaambie habari ya Wairimu na Allan, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika haya.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mkuu wa idara yetu, Daktari Mutiso, aliniita ofisini kabla ya muhula kuanza. Alikuwa mtu wa haki, simsemi vibaya.

"Mwalimu Nafula," akaniambia, "mimi sina ugomvi na somo lako. Lakini kila mwaka tunapeleka wanafunzi mbele ya jopo la watahini, na kila mwaka jopo linatazama skrini nyeusi. Wazazi wanauliza. Wanafunzi wanataka kutengeneza programu za simu. Ukistaafu, nitasema nini nikiulizwa kwa nini bado tunalo?"

"Utasema linafundisha."

"Linafundisha nini, kama haliwaki?" Akatabasamu, lakini hakuwa anatania. "Nipe kikundi kimoja tu. Kiini chao kiwake kwenye mashine halisi, jopo likiona. Siyo kwenye ile kompyuta ya kuigiza. Mashine halisi. Kikiwaka, somo linabaki. Kisipowaka, nalitoa, na usinikasirikie."

Ile kompyuta ya kuigiza aliyoitaja ni programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta yako. Anayeanza hujaribia kiini chake humo, kwa sababu kikifa hakidhuru kitu. Ni chombo kizuri. Ila kina upole ambao mashine halisi haina, na mtaona.

Wanafunzi waliobaki kwenye somo muhula huo walikuwa wachache, na niliowawekea tumaini ni hao wawili. Allan alitoka Loresho. Alikuwa kijana mpole, msomaji, wa kuandika mstari mmoja na kuukagua kabla ya kuugusa mwingine. Wairimu alitoka Riruta, ambako mama yake alikuwa na ploti yenye vyumba vya kupangisha. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake. Alikuwa ameacha masomo baba yake alipougua, akamuuguza mpaka mwisho, kisha akarudi darasani na kukaa kiti cha mbele. Yeye aliandika haraka, akafuta haraka, akacheka akikosea. Walifaana. Saa ya mapumziko ungewaona kwenye ngazi wakila smokie, ile soseji ya mtaani, na kachumbari, karatasi imetandazwa magotini, wakichora visanduku vya kumbukumbu.

Walikuwa wakifuata somo moja la mtandaoni ambalo waanzaji wengi hulifuata. Waligawana kazi. Allan alichukua kianzishi, yaani ile mistari michache inayoamka kwanza na kukisoma kiini kutoka kwenye diski mpaka kwenye kumbukumbu. Pia alichukua sehemu ya skrini. Wairimu alichukua kibodi.

Kazi ya Allan ikawaka mapema. Skrini ikasema "Hujambo Nairobi" na darasa zima likapiga makofi. Wiki chache baadaye Wairimu akaongeza kibodi yake. Mashine ikazima na kujiwasha, ikazima na kujiwasha.

Niliwakuta maabara wakigombana mbele ya wenzao.

"Madam, huyu ameharibu kazi yetu," Allan akasema. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Sijaharibu kitu."

"Nikitoa kitu yake, inawaka. Nikirudisha, inakufa. Nikitoa, inawaka. Sasa hiyo unaiita nini?"

"Naiita dharau," Wairimu akajibu. "Tangu mwanzo uliona siwezi."

"Mimi sijasema huwezi. Nimesema kitu yako ndiyo imeua."

Na ukweli ni kwamba kila mtu mle ndani, nikiwemo, aliona Allan ana ushahidi. Sehemu ya kibodi ni maarufu kwa vifo. Mtu akibonyeza kitufe, kibodi hukikatiza kiini kazi yake, na kiini lazima kipokee ujumbe na kujibu kwamba kimepokea. Ukisahau kujibu, utapata herufi moja tu, kisha kimya cha milele. Nimeona wanafunzi wakibonyeza kibodi hadi vidole viume, wakingoja herufi ya pili. Kwa hiyo nilikaa na msimbo wa Wairimu, nikausoma mstari kwa mstari alasiri nzima. Jibu lilikuwepo. Kila kitu kilikuwepo. Sikuona kosa, na hilo lilinisumbua kuliko kuliona.

Siku iliyofuata Wairimu alinijia ofisini asubuhi. Hakukaa.

"Mwalimu, nataka kutoa jina langu kwa hili somo."

"Ukilitoa sasa, hutamaliza na wenzako."

"Najua." Alikuwa akitazama dirishani, kule chini wauzaji walikokuwa wakipanga vifuniko vya simu. "Labda hizi vitu si za watu kama sisi. Nilikaa nyumbani sana. Mama aliniambia nisimamie ploti, nikakataa. Sasa naona alikuwa anaona mbali."

"Mama yako alisema huwezi?"

"Hapana. Alisema nitachoka."

"Umechoka?"

Akasema polepole, "Nimechoka kuambiwa mbele ya watu."

Binti huyo hakuwa akiomba huruma, na sikumpa. Nilimwomba anipe asubuhi ile moja tu. Nikamtuma aende maabara, nami nikamtafuta Allan, nikamkuta kwenye ngazi, peke yake, hali kitu.

Tulipokuwa watatu mbele ya mashine, nikamwambia Allan, "Toa kazi yote ya Wairimu."

Allan akaitoa. Kiini kikawaka: "Hujambo Nairobi."

"Unaona?" Allan akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Naona. Sasa mahali pake weka maneno matupu. Maneno ya kuonyeshwa kwenye skrini tu, marefu."

"Maneno gani?"

"Yoyote. Andika steji za matatu za kwenda kwangu."

Akaandika: Museum Hill, Westlands, Kangemi, Mountain View, Uthiru. Nikamwambia ayanakili tena na tena mpaka yajae. Maneno hayawezi kumuua mtu. Hayana kibodi ndani yake, hayamkatizi yeyote. Kama kazi ya Wairimu ndiyo iliyokuwa na sumu, maneno haya yangepita salama mpaka mwisho.

Akawasha. Skrini ikajaa steji. Museum Hill, Westlands, Kangemi, mstari baada ya mstari, tukienda Uthiru na kurudi mjini, kisha ikasimama. Mwisho kabisa ilikuwa imeandika "Mountain Vi", na baada ya hapo hakuna kitu.

"Imefika wapi?" nikauliza.

"Mountain View, madam," Allan akasema. "Lakini... haijafika yote."

"Umeandika vibaya," Wairimu akamwambia.

Wakakagua. Hakuwa ameandika vibaya. Maneno yote yalikuwemo kwenye faili, mpaka Uthiru ya mwisho. Wakawasha tena, ikaishia palepale. Hapo Wairimu akavuta kiti. Nilimwona amesahau kwamba amekuja kuaga.

"Ongeza neno moja mwanzo," akamwambia Allan. "Weka 'Karibu' na nafasi moja."

Akaongeza. Safari hii ikaishia "Moun".

Wairimu akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Umeongeza mbele herufi hizo, imekata nyuma herufi hizohizo. Hii si kosa ya maneno. Ni kama karatasi imeisha. Kuna mtu anasoma mpaka mahali fulani, halafu anafunga kitabu."

"Nani anasoma?" nikauliza.

Allan alifungua ile mistari ya kianzishi, aliyoiandika yeye mwenyewe mwanzoni mwa muhula, akateremka nayo polepole mpaka akafika mahali penye namba moja. Diski, vijana wangu, hugawanywa vipande vidogo vinavyoitwa sekta, na kianzishi lazima kiambiwe kisome sekta ngapi. Mwandishi wa lile somo la mtandaoni alikuwa na kiini kidogo, akaweka namba ya kumtosha yeye. Allan alikuwa ameinakili namba hiyo kwa uangalifu wake wote. Kiini chao kilipokuwa kidogo, ilitosha. Wairimu alipoongeza kibodi, kikapita ile namba, na mkia wake ukabaki kwenye diski bila kusomwa. Mashine ilipoutafuta huo mkia, ikakuta utupu, ikafa. Yeyote angeongeza chochote angeiua.

"Hii namba niliandika mimi," Allan akasema.

"Uliinakili," nikamwambia.

"Ni kitu moja, madam." Akaigeuza namba, akaiongeza. Kisha akaondoa steji zote, akairudisha kazi ya Wairimu vile ilivyokuwa, bila kugusa hata nukta, akawasha. "Hujambo Nairobi." Akamsogezea Wairimu kibodi.

Wairimu akabonyeza. Herufi ikatokea. Akabonyeza ya pili, ya tatu. Akaandika "NIKO", akaacha hapo, akafunika uso kwa mikono.

"Pole," Allan akasema.

"Ulisema mbele ya darasa."

"Ndiyo."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini wenzao walipoingia kwa kipindi, Allan alisimama kabla sijafungua mdomo, akawaambia wote: namba ilikuwa kwenye sehemu yake, kibodi haikuwa na kosa lolote, na alichomwambia Wairimu jana hakikuwa kweli. Kisha akakaa. Wairimu alikuwa akitazama daftari lake kana kwamba limeandikwa Kichina, lakini saa ya mapumziko niliwaona tena kwenye ngazi, na smokie ilikuwa imekatwa vipande viwili.

Mkichukua jambo moja la ufundi kwangu, chukueni hili. Kilichoongezwa mwisho ndicho hushikwa kwanza, na si lazima kiwe ndicho chenye kosa. Huenda kimeufikia tu mpaka ambao mwingine aliuweka zamani. Kabla hujahukumu, kitoe, uweke mahali pake kitu kisicho na hatia chenye ukubwa uleule. Na hicho nacho kikifa, umetafuta kosa mahali lisipo.

Basi tukafikiri tumemaliza. Siku chache kabla ya jopo, tukakitia kiini kwenye flashi, tukaichomeka kwenye mashine halisi, ile kompyuta nzee iliyokuwa kwenye kona ya maabara. Tukaiwasha. Nyeusi.

Nilimfikiria Daktari Mutiso. Nilifikiria muhula wangu wa mwisho ukiishia kwenye skrini ileile ya kila mwaka. Lakini hao wawili hawakuningoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake kwa lawama. Allan alisema, "Weka A," na Wairimu alikuwa ameshaiweka.

A ikatokea kwenye kona. Wakaweka B, C, D, mpaka mwisho wa safari yote. Herufi zote zikatokea. Kiini kilikuwa hai! Kilikuwa kikizunguka mle ndani kikifanya kazi yake yote, ila maneno yake ya salamu hayakuonekana popote.

"Kinaongea," Wairimu akasema, "lakini kinaongea pembeni."

Allan akafungua sehemu yake ya skrini. Kulikuwa na nafasi moja kwenye kumbukumbu inayoshikilia mahali pa kuandika herufi inayofuata. Somo la mtandaoni halikusema ianzie sufuri. Kwenye kompyuta ya kuigiza, kumbukumbu ikiamka huwa tupu, kwa hiyo inaanzia sufuri yenyewe. Kwenye mashine halisi huwa na takataka za kilichotangulia, na kiini kilikuwa kikiandika salamu zake mbali sana nje ya skrini.

"Hii ni kama nyumba za mathe kule kwa ploti," Wairimu akasema. "Mpangaji mpya anafikiria amefagiliwa. Anapata wa kwanza aliacha makaa na godoro. Lazima ufagie wewe mwenyewe kabla uingize vitu."

Wakafagia. Mistari michache tu, ya kujaza sufuri kabla ya kitu kingine chochote. Salamu ikatokea mahali pake, na mtu aliyesimamia maabara akatuomba tupunguze kelele.

Siku ya jopo walikuja watu kutoka nje ya chuo, akiwemo mama mmoja mhandisi mwenye miwani mikubwa ambaye hakutabasamu hata mara moja. Mama yake Wairimu alikuja pia kutoka Riruta, amevaa suti yake ya kanisani, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Allan alichomeka flashi. Mashine ikalia, ikakaa kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa kipindi kizima, kisha: "Hujambo Nairobi."

Daktari Mutiso aliinuka kwenye kiti chake. "Naweza?" Akaketi, akaandika jina lake, akakosea herufi ya mwisho, akatafuta kitufe cha kufuta. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Hamna kufuta?"

"Bado, Daktari," Wairimu akasema. "Kwa sasa ukikosea unaendelea tu mbele."

Watu wakacheka, na Daktari Mutiso akacheka kuliko wote. Yule mhandisi peke yake hakucheka. Akamuuliza Wairimu, "Ni kosa gani liliwasumbua zaidi?"

Wairimu alieleza habari ya steji, na karatasi inayoisha, na Mountain View iliyokatika. Hakusema namba ilikuwa ya nani. Alipomaliza, Allan akasema, "Ilikuwa yangu." Mhandisi akawatazama kwa zamu, akaandika kitu, akasema, "Basi nyinyi mnaweza kufanya kazi na watu." Huko nyuma mama yake Wairimu alimwuliza jirani yake kwa Kikuyu kama hilo ni jambo zuri au baya, akaambiwa ni zuri, ndipo akapiga makofi.

Somo lilibaki. Daktari alitimiza neno lake, na zaidi: mwaka uliofuata chuo kilinunua kompyuta mpya. Hapo kukawa na shida. Kompyuta za siku hizi haziamki kama zile za zamani. Zina njia nyingine kabisa ya kutafuta kiini, na lile somo la mtandaoni tulilolifuata likawa halifai. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, nimerudi kwa kuku wangu. Aliyeajiriwa kushika maabara alikuwa Wairimu. Akamtafuta Allan, aliyekuwa na kazi Westlands, na jioni za Jumamosi wakaanza kuandika somo jipya wenyewe, kwa Kiswahili, kwa mashine mpya.

Walinitumia ili nilijaribu kabla ya wanafunzi. Nilikaa nalo mezani hapa nyumbani, na laptopu aliyoninunulia binti yangu, nikafuata kila hatua kama mwanafunzi mzuri. Nilipofika mwisho na kuwasha, mashine ikanipita bila hata kuniona, ikaenda zake kwenye mfumo wake wa kawaida. Nikarudia. Ikanipita tena. Nikampigia Wairimu simu.

Jumamosi wakaja wote wawili. Wairimu hakugusa laptopu. Alivuta kiti kando yangu na kuniambia nianze upya, polepole, yeye akitazama mikono yangu. Nilipofika penye hatua ya kuweka faili kwenye flashi, nikaliweka.

"Simama hapo, Mwalimu," akasema. "Hilo faili lazima likae ndani ya folda yenye jina lake maalum, la sivyo mashine haitalitafuta. Hatukuandika."

"Nilidhani hiyo kila mtu anajua," Allan akasema kutoka kwenye kochi, akajishika kichwa.

Nilingoja anionyeshe jina la folda ili tuendelee. Badala yake Wairimu alichukua kalamu, akanigeukia.

"Ulipofika hapa, ulikuwa unafikiria nini?"

Nimefuata masomo ya watu tangu ujana wangu, ya vitabu na ya mitandao, mazuri na mabaya, na nimekwama katika karibu yote. Hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kuketi kando yangu akaniuliza hivyo. Nilimwambia ukweli: nilifikiria flashi ni flashi, ukishaweka kitu ndani kiko ndani. Na kwamba ilipokataa, nilifikiria nimezeeka.

Hakucheka. Akaandika yote mawili, la flashi na la uzee, na akaniomba niendelee.